Wiki Niliyohamisha Tovuti ya Kiwanda

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sisemi hivyo kujipamba. Nikifunga mlango wa nyumba yangu ya kupanga hapa Embu, hurudi kukijaribu kitasa mara mbili, na siku nyingine hufika hadi barabarani kisha nikarudi mara ya tatu. Wenzangu wa kazi, katika chuo kidogo ninakotunza kompyuta, wameshanizoea. Husema kwamba siku nitakayokufa nitaamka kuhakikisha jeneza limefungwa sawasawa. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba ni mimi niliyewaponza wanawake tisa na kahawa yao, mama yangu akiwa wa kwanza, atadhani sikujali. Nilijali kupita kiasi. Kosa langu ni kwamba nilihofia mambo yasiyokuwa na hatari, na lile lenye hatari nikalipita nikiwa nimetulia.

Kiwanda ambako mama hupeleka kahawa yake kiko bondeni, chini ya Githongo, na mto unaokihudumia hauna maji ya kuwatosha wakulima wote kwa siku moja. Ndiyo maana kuna zamu. Upande wa chini, ulio na shamba letu, hupeleka Jumatatu na Alhamisi. Upande wa juu hupeleka Jumanne na Ijumaa. Mashine ikiharibika au mto ukipungua, zamu hubadilika. Na kahawa mbivu haina subira. Ikichumwa asubuhi, ni lazima iondolewe ganda siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye gunia huanza kuchacha, na karani wa mizani hulinusa gunia lako mbele ya watu kabla hajakurudisha nalo nyumbani. Basi kabla mkulima hajatafuta vibarua, kuna swali moja ambalo lazima ajibiwe: kesho kiwanda kinapokea, au hakipokei?

Zamani jibu lilitoka kanisani. Meneja aliandika barua fupi, ikapelekwa kwa kila kanisa la kigongo chetu cha vilima, ikasomwa Jumapili baada ya sadaka, katikati ya matangazo ya harusi na ya wagonjwa. Mwaka mmoja makanisa mawili yakasoma matangazo mawili tofauti, kwa sababu barua moja ilikuwa ya wiki iliyopita, na watu wakashikana mashati mizanini. Hapo ndipo nilipojitokeza na elimu yangu. Niliiambia kamati ya kiwanda kwamba tangazo likiwa na vinywa viwili lazima liwagombanishe watu. Kundi la simu lilikuwepo, lakini lilijaa maombi na picha za maua, na tangazo la juzi lilikuwa likiibuka leo na kusomwa kama jipya. Nikawatengenezea tovuti ya ukurasa mmoja, mwepesi, unaofunguka hata kwenye simu ndogo, wenye zamu za wiki na neno moja kuhusu kesho. Kisha nikawaomba waache kuyaandikia makanisa. Niliomba kwa upole, lakini moyoni nilikuwa mkali. Wakakubali.

Mama alijivuna kwa muda mrefu. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, na ile tovuti ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo angeweza kuishika mkononi. Mtu akimwuliza habari za zamu, alichomoa simu kwenye leso, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kisha akamalizia kwa kusema kwamba aliyeandika ni mtoto wake.

Niliiweka tovuti hiyo kwenye seva ya kushirikiana, kwa kuwa ndiyo rahisi. Maisha huko ni kama ya ploti ya vyumba kumi yenye mfereji mmoja: jirani akijaza mapipa yake, wewe unasubiri, na ukichota sana wewe, mwenye ploti anakuja kukugongea. Miaka miwili tuliishi kwa amani. Mwaka wa tatu ukurasa ukaanza kuzimika saa kumi na mbili asubuhi, wakati ule ule ambao kigongo kizima kilikuwa kinautazama. Mwenye seva aliniandikia mwezi wa nne kwamba tumezidi matumizi na yafaa nihamie seva yangu pekee, ile ambayo mafundi huiita VPS. Nilisoma barua hiyo nikapata hofu, na kwa sababu ya hofu nikaiweka kando. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo niliutazama tangu mwezi wa nne hadi wa kumi na moja, na ukuta nikaujenga katikati ya msimu mkubwa, wakati kila mti wa kahawa Githongo ulikuwa umewiva.

Niliichagua siku kwa hesabu. Jumamosi na Jumapili kiwanda hakipokei. Kama kitu kingeharibika, ningekuwa na siku mbili za kukitengeneza kabla ya Jumatatu. Jumamosi hiyo nilifika ofisini mapema, kwa kuwa stima ya nyumbani siiamini, nikaanza kunakili. Nakala moja niliiweka kwenye laptopu, ya pili kwenye flashi, na ya tatu kwenye flashi nyingine niliyoitia mkobani na kuipapasa kila baada ya muda kama mtu aliyebeba pesa za watu. Nikaandaa seva mpya. Nikafunga kila tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Nikabadilisha nywila, nikazibadilisha tena. Chai niliyojitengenezea ilipoa kikombeni.

Saa tano asubuhi nikabadilisha anwani. Jina la tovuti lilibaki lile lile. Kilichobadilika ni mahali jina hilo linapompeleka mtu. Kampuni za simu huwa zimekariri anwani ya zamani, na huchukua muda kuisahau, nyingine saa chache, nyingine hata siku mbili. Katika muda huo simu mbili zilizolala juu ya meza moja zinaweza kwenda kwa seva mbili tofauti. Nililijua hilo. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Nikahesabu kwa vidole: Jumamosi saa tano, Jumapili saa tano, Jumatatu saa tano. Jumatatu nikishafika kazini na kunywa chai, nilijiambia, kila mtu atakuwa amehama.

Seva ya zamani sikuizima. Ilikuwa bado na siku zake hadi mwisho wa mwezi, na sikutaka mkulima yeyote abishe hodi akute kumefungwa. Kwetu mgeni hafungiwi mlango, hata kama jikoni hakuna kitu. Nikauacha ukurasa wa zamani ukiwa wazi, na zamu zake zote za kawaida ukutani, nikaona nimefanya utu. Na ili niweze kuutambua ule mpya, niliuwekea mstari wa kijani juu kabisa.

Kisha nikampigia mama. Yeye huniita "mama", kwa kuwa nimebeba jina la aliyemzaa, na kila akiniita hivyo huwa najisikia mtu mzima kuliko nilivyo. Nilimweleza kwamba nimehamisha tovuti, nikamwomba aijaribu. Nilimsikia akihema huku akibonyeza.

"Inafungua?" nikauliza.

"Inafungua."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa, mama. Ni ile ile ya kila siku."

Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwa sauti, peke yangu ofisini, na kifua kikanilegea kwa mara ya kwanza siku hiyo. Leo nikiyakumbuka maneno yale, ile ile ya kila siku, nashangaa jinsi nilivyoyapokea kama faraja. Ukurasa mpya ulikuwa na mstari wa kijani wenye upana wa kidole. Mama huona hadi kupe kwenye sikio la ng'ombe. Angeuona.

Alasiri, meneja akanipigia. Mashine ilikuwa imepasuka kipande, na fundi wa kukichonga yuko Meru mjini. Jumatatu hakuna kupokea. Upande wa chini utapeleka Jumatano. Nikaandika kwenye ukurasa mpya kwa herufi nene: Jumatatu kiwanda kimefungwa, upande wa chini Jumatano. Nilipomaliza nikaikumbuka seva ya zamani. Naapa niliikumbuka. Ingenichukua dakika moja kuandika maneno yale yale huko pia. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikajiuliza ya nini kupaka rangi nyumba niliyokwisha kuihama. Nikafunga laptopu.

Jumapili nilikaa kanisani Embu na simu kwenye Biblia. Mhubiri alihubiri kuhusu wanawali kumi, nami nilikuwa naangalia mstari wa kijani. Upo. Baada ya wimbo, upo. Wakati wa matangazo, upo. Niliwaza kwamba labda seva itaishiwa nafasi, labda mtu anajaribu nywila zangu wakati huu ninapopiga magoti, labda kule zinakokaa seva stima itapotea na jenereta ikatae. Nilihofia moto. Nilihofia mafuriko katika nchi ambayo sijawahi kufika. Alasiri nikampigia mama mara mbili, na hakupokea. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anazunguka kwa miguu kutafuta watu wa kumchumia kesho yake.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokuwa mbovu, na si hesabu ya mashine. Jumatatu yangu huanza saa mbili, mlango wa ofisi unapofunguliwa. Jumatatu ya mama huanza Jumapili alasiri, anapomwambia mtu wa kwanza, njoo kesho alfajiri. Nimezaliwa katika nyumba hiyo. Nimeamshwa gizani miaka mingi nichume kabla ya kwenda shule. Lakini nilipokaa Embu na daftari langu nikahesabu Jumatatu ya mtu wa ofisi.

Asubuhi ya Jumatatu nilikunywa chai yangu nikiwa mtulivu. Saa tatu hivi nikafungua kumbukumbu za seva ya zamani, zile zinazoandika kila anayebisha hodi. Nilitaka kufurahia kuona hakuna mtu. Nikakuta watu. Walianza Jumamosi, wakaendelea Jumapili, wakajaa Jumapili jioni na alfajiri, na wote walikuwa wamefunguliwa mlango na kuambiwa kwa adabu kwamba Jumatatu upande wa chini unapeleka. Nasema ukweli, ilibidi niende msalani kwanza ndipo nirudi kwenye kiti.

Niliandika tangazo kwenye ukurasa wa zamani. Nilihitaji kuliandika mara tatu ndipo nilipatie. Kisha nikampigia mama. Simu iliita hadi ikakata, nikapiga tena, na nilijua inaita wapi: kwenye msumari wa jikoni. Mama haendi nayo shambani tangu siku ilipomtumbukia kwenye ndoo ya kahawa na karani akaikuta mizanini inalia. Nikampigia jirani yetu, mwanamke ambaye shamba lake limepakana na letu, naye hakupokea. Nikampigia meneja. Alikuwa Meru mjini, kwa fundi, na nyuma yake nilisikia chuma kikisagwa.

"Hakuna shida," akasema. "Si iko kwa mtandao? Watu wamesoma."

Nikakata simu. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa, nikamwambia ni jambo la mama, na alipouliza kama ni mgonjwa nikasema hapana, kisha nikalia. Alinipa ruhusa bila kuuliza tena. Safari ya kutoka Embu niliihesabu kwa magunia. Nikipita Chuka nilijiambia sasa wamemaliza mistari ya juu. Nilipofika Nkubu nilijiambia sasa wanachambua, mbivu huku, mbichi huku. Niliomba Mungu mvua kubwa iwe imenyesha wasichume. Jua lilikuwa linawaka.

Saa nane na nusu pikipiki ikaniteremsha langoni mwa kiwanda. Lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Nje, kwenye kivuli cha ua wa miti, walikuwa wanawake tisa, na wilbaro, na punda mmoja, na magunia. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia lake, amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwani ambacho huvaa siku ya mavuno makubwa. Yalikuwa mavuno yake makubwa kuliko yote ya msimu. Nilijua kwa kuyahesabu magunia, na nilijua bila kuyafungua kwamba ndani hamna hata punje moja ya kijani. Tangu baba afariki, mama amelilea shamba lile peke yake, na katika miaka hiyo yote karani hajawahi kumrudishia gunia. Wengine wana vyeti ukutani, yeye ana hilo.

Aliponiona hakusimama. Aliniuliza kwa Kimeru mbona nimekuja siku ya kazi. Nikawasalimia wote, nao wakaitikia, lakini kwa sauti ya chini. Mlinzi aliyekuwa upande wa pili wa lango ndiye aliyezungumza kwa uwazi.

"Mimi nimewaambia tangu saa sita, mashine iko chini. Hawataki kuniamini. Wananiambia ati kwa simu ya huyu mama imeandikwa leo."

Jirani yetu alikuwa anapanguza jasho kwa kanga. Alinieleza taratibu, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. Simu yake ilisema kumefungwa. Alipomwona mama akiwapanga vibarua alfajiri, alikwenda kwenye ua akamwambia. Mama, ambaye alikuwa bado hajaitundika simu yake jikoni, akaichomoa, akamwonyesha, akamwambia kwamba anayeandika maneno haya ni mtoto wake mwenyewe, basi simu mbovu ni ile nyingine. Jirani akarudi akachukua ndoo. Akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwingine. Wanne kati ya wale tisa walikuwa na simu zenye ukurasa wa kweli, mstari wa kijani na yote, na waliacha kuziamini kwa sababu mama alikuwa mama yangu.

Nikafungua kinywa, lakini mama akanitangulia.

"Ni macho yangu," aliwaambia wale wanawake. "Nilisoma Jumatano nikaona Jumatatu. Uzee huu. Mtoto aliandika sawa."

Hakunitazama alipokuwa anasema hivyo. Alikuwa anakunja pindo la kitambaa chake. Alikuwa ameshaelewa kwamba kuna jambo limeharibika na kwamba limeharibikia mkononi mwangu. Hakujua ni nini, na hakusubiri kujua. Alichukua aibu akajitwika, mbele ya watu ambao atakutana nao kanisani na mtoni maisha yake yote.

Nami nikanyamaza. Naandika hili kwa sababu ndilo linaloniamsha hadi leo kuliko magunia yenyewe. Nilisimama pale nikahesabu: mimi ninarudi Embu, jina langu la kazi liko hapa, kamati inaniamini, na mama mzee akisoma vibaya hakuna atakayemlaumu sana. Nilinyamaza kwa muda wa kutosha kwa wanawake wawili kuanza kumwambia mama, pole, macho ni macho. Mmoja akasema yafaa apelekwe hospitali ya macho. Mama akasema ndiyo, kweli, ataenda.

Hiyo ndiyo iliyonishinda. Nilimwona kwenye foleni ya hospitali akitibiwa macho mazima kwa ajili yangu.

"Mama hakukosea," nikasema. "Niliacha kurasa mbili."

Nikamwomba jirani simu yake. Ya mama alikuwa nayo. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua wilbaro na kuitia ndani ya leso. Lakini ukurasa wake nilikuwa nimeshaurekebisha, basi kwenye simu yangu nikaonyesha picha niliyokuwa nimeihifadhi ya ule wa zamani kabla ya marekebisho, nikaiweka kando ya ule wa jirani. Nikawaeleza kuhusu seva mbili, na anwani, na zile siku mbili. Nadhani hawakufuata yote. Lakini walielewa nyumba mbili, na kwamba nilihama moja nikaacha mlango wazi, taa ikiwaka, na mtu ndani anayejibu maswali kwa habari za wiki iliyopita. Niliwaambia kwamba kama ningeifunga Jumamosi, mama angekuta giza, angewauliza, na wangemwambia ukweli. Niliwaomba msamaha. Mwanamke mwenye punda akaniuliza kwa utulivu:

"Sasa ni wewe uliyesema kanisani wasisome tena?"

Nikasema ni mimi.

Meneja alifika karibu saa kumi, kipande cha mashine kikiwa kwenye gunia mapajani mwake. Nilimweleza kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alitazama magunia, akavua kofia. Si mtu mbaya. Alisema kipande kitafungwa kesho mchana kama Mungu atasaidia, na maji ya kesho ni ya upande wa juu.

"Nikipokea hii ilale hapa mpaka kesho, itanuka, na itaharibu ya wengine," akasema. "Wacha wakaifanye mbuni. Sina njia ingine, madam."

Mbuni ni kahawa inayokaushwa juani ikiwa na ganda lake. Ni ya masalio, ile inayookotwa chini ya miti mwisho wa msimu, na mtu hapeleki mbuni mizanini akiwa amevaa kitambaa chake kizuri. Wanawake walisimama mmoja mmoja. Punda akageuzwa. Nilisukuma wilbaro ya mama kupanda kilima. Yeye alitembea mbele akiwa amebeba gunia dogo mgongoni.

Tulizimwaga punje zile uani juu ya magunia yaliyofumuliwa, tukazitandaza kwa mikono. Zilikuwa nyekundu, safi, zenye kung'aa, na nilitamani zingekuwa mbovu. Nilikaa kwenye ngazi nikaizima seva ya zamani kwa simu yangu. Iliniuliza kama nina hakika. Mama alikuwa anaziondolea majani yaliyopeperuka kutoka kwenye ua. Hakunigombeza. Niliomba moyoni anigombeze.

"Jumamosi uliniuliza kama inafungua," alisema mwishowe. "Mbona hukuniuliza inasema nini?"

Nimefundishwa kupima kila kitu, na nilimwuliza mama swali ambalo mlango unaweza kulijibu.

Wiki hiyo nilikwenda mbele ya kamati na kuwaomba warudishe barua za kanisani. Niliziandika mimi mwenyewe, tarehe ikiwa juu kwa herufi kubwa, na nikazipeleka kwa miguu kwa kila kanisa. Seva mpya, kwa kusema ukweli, haijawahi kuzimika. Saa kumi na mbili asubuhi inasimama imara, na mafundi wenzangu wangesema uhamisho ulifaulu. Kwa wiki kadhaa nilirudi Githongo kila Jumamosi kuigeuza mbuni ya mama ili isiote ukungu. Jirani alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua, lakini hakuja kuketi kama zamani. Yake pia ilikuwa inakauka, naye aliigeuza mwenyewe. Nilipoomba nimsaidie alisema amemaliza, nami nilikuwa naona hajamaliza.

Msimu uliofuata, Jumapili moja alasiri kabla ya zamu ya kwanza, simu yangu ikalia. Alikuwa mama. Hakunijulia hali. Alianza moja kwa moja, polepole, kwa ile sauti kubwa kuliko inavyohitajika: tarehe kwanza, kisha rangi ya mstari, kisha upande wa chini Jumatatu na Alhamisi, kisha neno la kesho, hadi mstari wa mwisho wenye saa ya kufungua lango. Nikamwuliza kwa nini ananisomea kitu nilichokiandika mimi.

"Ndiyo ujue ninachokiona," akasema.

Tangu hapo hupiga kila Jumapili ya msimu. Husoma neno kwa neno, nami hushika daftari na kufuatisha kwa kidole hadi amalize.